Uhai wa Ufunguo: Jinsi Programu ya Kompyuta Inavyotambua Ufunguo Uliokwisha Muda au Uliobatilishwa

Muhuri wa shule ni kitu kidogo cha mpira na mti, lakini barua iliyopigwa muhuri huo huaminiwa na wazazi, benki na ofisi za serikali. Muhuri ukiibiwa usiku, asubuhi yake utaandika vilevile kama ulivyoandika jana. Wino ni ule ule, jina ni lile lile, wala karatasini hamna alama ya kumwonya msomaji kwamba mkono ulioushika si wa mwalimu mkuu. Kinga iliyopo ni moja tu, nayo ni habari: shule haina budi kutangaza kwamba muhuri ule hauna nguvu tena, na tangazo hilo halina budi kumfikia kila mpokeaji kabla barua ya uongo haijamfikia.

Funguo zinazotumika katika kompyuta kuficha na kuthibitisha ujumbe zina tatizo hilo hilo. Ufunguo ulioibiwa hufanya hesabu zake sawasawa na ufunguo ulio salama. Makala haya yanaeleza jinsi programu ya kompyuta inavyoweza kuutambua ufunguo ambao muda wake umekwisha au ambao umebatilishwa na mwenyewe, na sababu ya kazi ya kwanza kuwa nyepesi na ya pili kuwa nzito.

Funguo mbili na cheti kimoja

Kusimba ujumbe ni kuugeuza kwa hesabu hata usisomeke na mtu asiye na ufunguo. Kwa karne nyingi aliyeandika na aliyesoma walitumia ufunguo mmoja, na iliwabidi waupelekeane kwanza kwa siri. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha wazo jipya: kila mtu awe na funguo mbili zenye uhusiano wa kihesabu, mmoja wa hadhara ambao hutangazwa kwa watu wote, na mwingine wa siri ambao haumtoki mwenyewe. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kulitekeleza wazo hilo, ambayo hadi leo huitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. Ujumbe uliosimbwa kwa ufunguo wa hadhara hufunguliwa kwa ufunguo wa siri peke yake. Vivyo hivyo, sahihi ya kielektroni iliyotiwa kwa ufunguo wa siri huweza kuhakikiwa na yeyote aliye na ufunguo wa hadhara.

Palibaki swali moja: ufunguo huu wa hadhara ni wa nani? Mwaka 1978 Loren Kohnfelder, mwanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, alipendekeza cheti, yaani hati fupi inayotaja jina la mwenye ufunguo pamoja na ufunguo wenyewe, na kutiwa sahihi na mtu au chombo kinachoaminiwa. Kutokana na wazo hilo zimekua jamii mbili kubwa. Ya kwanza ni ya vyeti vya X.509, kanuni iliyotolewa mwaka 1988. Vyeti hivi hutolewa na mamlaka maalumu na ndivyo vinavyolinda mawasiliano ya benki na kurasa za intaneti. Ya pili ni ya OpenPGP, iliyotokana na programu PGP ambayo Philip Zimmermann aliitoa mwaka 1991. Katika jamii hii mwenye ufunguo mwenyewe hutia sahihi maelezo ya ufunguo wake, na hakuna mamlaka moja iliyo juu ya wote.

Njia mbili za kukoma

Ufunguo huweza kukoma kwa njia mbili, na tofauti kati yake ndiyo msingi wa somo hili.

Njia ya kwanza ni kwisha muda. Tarehe ya mwisho imeandikwa ndani ya cheti au ndani ya sahihi inayoambatana na ufunguo. Programu haihitaji kumwuliza mtu yeyote. Inasoma tarehe, inatazama saa ya kompyuta, inalinganisha namba mbili, basi.

Njia ya pili ni kubatilishwa. Ufunguo wa siri umeibiwa, au mfanyakazi ameacha kazi, au mamlaka imegundua kwamba ilikitoa cheti kwa makosa. Mambo hayo yote hutokea baada ya ufunguo kutengenezwa na kusambazwa, kwa hiyo hayawezi kuwa yameandikwa katika nakala ambazo watu wanazo tayari. Hata ufunguo utazamwe kwa makini namna gani, hautasema kwamba umebatilishwa jana. Habari hiyo iko nje ya ufunguo, nayo yapasa isafiri.

Kuusoma muda

Katika kompyuta nyingi wakati huhesabiwa kwa sekunde tangu saa 6 kamili ya usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Kwa kipimo hicho mwanzo wa mwaka 2025 ni sekunde 1,735,689,600. Siku moja ina sekunde 86,400, na miaka miwili isiyo mirefu ina sekunde 63,072,000. Basi ufunguo uliotengenezwa mwanzoni mwa mwaka 2025 na kupewa uhai wa miaka miwili utakoma katika sekunde 1,798,761,600, yaani wakati Greenwich wanapoingia tarehe 1 Januari 2027. Saa hiyo Dar es Salaam na Nairobi itakuwa ni saa 9 ya usiku. Mwandishi wa programu anayesahau tofauti hiyo ya saa tatu atakuwa na ufunguo unaokufa mapema au kuchelewa kufa.

Hesabu ni nyepesi, lakini inategemea saa iliyo sahihi. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa. Ikiwashwa, huona kwamba vyeti vyote vya intaneti bado havijaanza kutumika, na huvikataa vyote. Mwalimu anayekutana na maonyo ya namna hiyo afadhali aitazame saa kabla ya kuulaumu mtandao. Hatari iliyo kinyume chake ni kubwa zaidi: saa iliyobaki nyuma siku chache tu huweza kuukubali ufunguo ambao muda wake umekwisha.

Kusahau tarehe nako kuna gharama. Tarehe 6 Desemba 2018 mamilioni ya wateja wa simu wa O2 huko Uingereza, na wengine wa SoftBank huko Japani, walikosa huduma kwa sababu cheti kilichokuwamo katika programu za mitambo ya kampuni ya Ericsson kilikuwa kimekwisha muda. Hapakuwa na mwizi wala adui. Ilikuwa tarehe iliyoandikwa wazi na ambayo haikushughulikiwa kwa wakati. Kwa hiyo programu nzuri haingoji siku ya mwisho. Hutoa onyo siku thelathini kabla, kisha huendelea kukumbusha.

Kubatilishwa: habari inayosafiri

Njia ya kwanza iliyobuniwa kueneza habari ya kubatilishwa ni orodha. Mamlaka ya vyeti huandika namba za vyeti vyote ilivyovibatilisha, huitia orodha sahihi yake, na kuitoa upya kila baada ya muda uliowekwa. Cheti chenyewe hutaja mahali orodha inapopatikana. Programu huichukua, huhakiki sahihi yake, hutazama kama orodha yenyewe haijapitwa na wakati, ndipo hutafuta namba ya cheti.

Kila hatua ya utaratibu huo ni ya lazima. Tarehe 29 na 30 Januari 2001 kampuni ya VeriSign ilitoa vyeti viwili kwa mtu aliyejidai kuwa mfanyakazi wa Microsoft. Kosa lilipogunduliwa vyeti hivyo viliingizwa katika orodha ya vilivyobatilishwa. Lakini vyeti vya aina hiyo havikutaja mahali pa kuipata orodha, na programu haikujua pa kwenda kuuliza. Habari ilikuwako, njia ya kuifikia haikuwako. Ilibidi Microsoft itoe marekebisho ya programu yake mwezi Machi mwaka huo ili kompyuta zivijue vyeti hivyo viwili.

Udhaifu mwingine wa orodha ni uzito. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika programu ya OpenSSL, ambayo ilimwezesha mtu wa mbali kunyonya vipande vya kumbukumbu ya seva, pengine pamoja na funguo za siri. Vyeti vingi vilibatilishwa kwa mkupuo. Orodha moja ya mamlaka ya GlobalSign ilifura kutoka kilobaiti zipatazo 22 hadi kuzidi megabaiti 4, nayo ilibidi ichukuliwe nzima na kila aliyetaka kuuliza habari za cheti kimoja tu.

Ili kuondoa mzigo huo ilibuniwa mwaka 1999 itifaki iitwayo OCSP. Badala ya kuchukua orodha nzima, programu huipelekea mamlaka namba ya cheti kimoja na kupokea jibu lenye sahihi na tarehe. Majibu ni matatu: kizuri, kimebatilishwa, hakijulikani. Jibu la "kizuri" halina budi kueleweka kwa uangalifu, maana maana yake ya chini kabisa ni kwamba cheti hakimo katika orodha ya vilivyobatilishwa. Halithibitishi kwamba kiliwahi kutolewa kihalali.

Tofauti hiyo ilionekana huko Uholanzi mwaka 2011. Wavamizi waliingia katika kompyuta za mamlaka ya vyeti iliyoitwa DigiNotar na kujitolea vyeti vya uongo zaidi ya 500. Kimojawapo, cha tarehe 10 Julai, kilikuwa kwa jina la Google. Hakikubatilishwa hadi tarehe 29 Agosti. Kwa muda wa majuma kadhaa watu wa Iran waliofungua barua zao walionyeshwa cheti hicho. Programu zao ziliuliza habari zake, na jibu halikuwa la kuwaonya. Mamlaka haiwezi kukibatilisha cheti ambacho haijui kuwa imekitoa. Baadaye wachunguzi waliyapitia maandishi ya maswali hayo na kukuta anwani za kompyuta zipatazo 300,000, zaidi ya asilimia 99 zikiwa za Iran. Nyuma ya anwani hizo walikuwako watu ambao barua zao huenda zilisomwa na wasiostahili. Watengenezaji wa vivinjari, yaani programu za kusomea kurasa za intaneti, waliiondoa DigiNotar katika vyombo vinavyoaminiwa, na mwezi Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika.

Tukio hilo lina funzo la pili. Ikiwa wachunguzi waliweza kujua nani aliulizia cheti gani, basi yeyote anayejibu maswali hayo huweza kujua nani anazuru ukurasa gani. Kuuliza kwenyewe hufichua habari za muulizaji.

Funguo za barua

Katika jamii ya OpenPGP hakuna mamlaka ya kuuliza. Mwenye ufunguo hutengeneza mwenyewe hati ya ubatilisho, yaani sahihi maalumu inayosema kwamba ufunguo huu usitumike tena. Hati hiyo hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa huyo huyo mwenyewe, kwa hiyo yafaa itengenezwe mapema, maana aliyeupoteza ufunguo wa siri hataweza kuitengeneza baadaye. Programu ya GnuPG, ambayo hutolewa bure, tangu toleo lake la 2.1 la mwaka 2014 huitengeneza hati hiyo yenyewe pale ufunguo unapozaliwa, na kuihifadhi ikiwa na nukta mbili mwanzoni mwa mstari ili isitumike kwa bahati mbaya.

Programu nyingine inayotaka kujua hali ya ufunguo yapasa isisome maneno ambayo GnuPG humwandikia binadamu, kwa sababu maneno hayo hubadilika kufuatana na lugha ya kompyuta na toleo la programu. Iombe taarifa kwa amri ya --with-colons, ambayo hutoa mistari yenye sehemu zilizotengwa kwa nukta mbili. Mstari wa ufunguo wa kufikirika huweza kuwa hivi:

pub:f:4096:1:0123456789ABCDEF:1735689600:1798761600:

Sehemu ya kwanza yasema kwamba huu ni ufunguo mkuu wa hadhara. Ya pili ni hali yake: herufi r ni kwamba umebatilishwa, e kwamba umekwisha muda, na f, kama hapa, kwamba uhalali wake umekubaliwa kikamilifu. Ya tatu ni urefu kwa biti, ya nne ni aina ya hesabu, na ya tano ni namba ya kuutambulisha. Ya sita ni sekunde ya kuzaliwa na ya saba ni sekunde ya kukoma. Ikiwa sehemu ya saba ni tupu, ufunguo haukuwekewa mwisho.

Hapo waandishi wengi wa programu hujikwaa. Ufunguo mkuu aghalabu hutumika kutia sahihi, na chini yake huwa na ufunguo mdogo wa kusimba, ambao mstari wake huanza na sub na una hali yake na tarehe zake. Ufunguo mkuu huweza kuwa hai huku ule mdogo umekwisha muda. Anayetaka kusimba barua hana budi kuutazama ule utakaosimba.

Hali kadhalika, ni lazima nakala iburudishwe kutoka katika seva za funguo, au kutoka kwa mwenyewe, kabla ya kuhukumu. Katika OpenPGP mwenye ufunguo huweza kuurefusha muda kwa kutia sahihi mpya. Ufunguo uliokufa katika nakala ya mwaka jana huenda ukawa hai leo. Ubatilisho, kwa upande wake, ni wa kudumu, wala nakala kuukuu haiwezi kuuonyesha.

Mwishowe kuna suala la sababu. Hati ya ubatilisho huweza kutaja kwamba ufunguo umepokewa na mwingine, au umestaafishwa, au siri yake imevuja. Katika hali mbili za kwanza, sahihi zilizotiwa kabla ya siku ya ubatilisho zinaweza kuendelea kukubaliwa, kama vile barua za mwalimu mkuu aliyestaafu zinavyobaki halali. Siri ikiwa imevuja, hata sahihi zenye tarehe za zamani hutiliwa shaka, kwa sababu mwizi aliye na ufunguo huweza kuandika tarehe yoyote aitakayo.

Mpango wa programu

Kutokana na hayo, programu yafaa ifuate mpango huu. Kwanza, ihakikishe kwamba saa ni sahihi. Pili, iburudishe nakala ya ufunguo, au ipate orodha mpya. Tatu, ihakiki sahihi ya habari iliyopokelewa, na kuona kwamba si ya zamani. Nne, itazame ubatilisho kabla ya tarehe, kwa maana ufunguo uliobatilishwa hauponywi na tarehe iliyo mbele. Tano, ilinganishe muda. Sita, ifanye vivyo hivyo kwa ufunguo mdogo, au kwa kila cheti katika mnyororo hadi kwenye mamlaka ya juu.

Ukimya si jibu

Swali gumu limebakia: programu ifanye nini inapouliza na kukosa jibu? Mwandishi asiye mwangalifu huipa programu majibu mawili tu, ndiyo na hapana, kisha huuhesabu ukimya kuwa ndiyo. Vivinjari vingi vilifanya hivyo kwa miaka mingi, maana seva ya majibu ikiharibika kurasa nyingi zingefungika bila sababu. Lakini mvamizi aliye katikati ya njia, mwenye uwezo wa kuonyesha cheti kilichoibiwa, huwa na uwezo wa kuyazuia majibu pia. Kwa hiyo ukaguzi wa namna hiyo hufanya kazi siku zote za amani na kushindwa siku ya hatari.

Zipo dawa kadhaa. Seva ya ukurasa huweza kuchukua jibu lenye sahihi na tarehe na kuliambatisha na cheti chake, hata msomaji asihitaji kuuliza. Watengenezaji wa vivinjari huweza kukusanya habari za ubatilisho, kuzikandamiza na kuwapelekea watumiaji. Ndivyo unavyofanya mpango wa CRLite wa kivinjari cha Firefox. Dawa ya tatu ni kufupisha maisha. Mwezi Aprili 2025 mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kwamba uhai wa vyeti vya kurasa, ambao ulikuwa hauzidi siku 398, upunguzwe kwa hatua: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Let's Encrypt, ambayo hutoa vyeti bure, iliacha kabisa kujibu maswali ya OCSP mwezi Agosti 2025 na kubaki na orodha.

Busara ya dawa hii ya tatu ni kwamba inaigeuza kazi nzito kuwa nyepesi. Kwisha muda hutambuliwa na saa peke yake. Kubatilishwa hutegemea habari ambayo huenda ikazuiwa njiani. Cheti chenye maisha mafupi hufa chenyewe hata kama habari haikufika, na mwizi hubakiwa na siku chache za kukitumia.

Kwa vyovyote vile, programu yapasa ijue majibu matatu: ufunguo u hai, ufunguo umekoma, na haijulikani. Jibu la tatu lisifichwe. Kwa ujumbe wa kawaida huenda mtumiaji akaonywa na kuachiwa uamuzi. Kwa fedha, kwa matokeo ya mitihani au kwa siri za mgonjwa, "haijulikani" na ichukuliwe kuwa hapana hadi habari itakapopatikana.

Maswali ya mazoezi

1. Ufunguo ulitengenezwa katika sekunde 1,735,689,600 na kupewa uhai wa siku 90. Utakoma katika sekunde ya ngapi, na itakuwa tarehe gani na saa ngapi kwa saa za Afrika ya Mashariki?

2. Programu ina nakala ya ufunguo iliyochukuliwa miezi sita iliyopita. Nakala yaonyesha kwamba muda haujaisha na kwamba hakuna ubatilisho. Ni lipi kati ya hayo mawili linaloweza kusadikiwa zaidi, na kwa nini?

3. Darasa ligawanywe makundi matatu: waandishi wa barua, wapokeaji, na mtoaji wa orodha ya mihuri iliyoibiwa. Mwanafunzi mmoja azuie orodha isiwafikie baadhi ya wapokeaji. Jadilini kanuni ambayo ingewakinga wapokeaji hao bila ya kusimamisha barua zote.